Namba ya Simu Iko Kwenye Tangazo

Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Shirika la Viwango (TBS), Tume ya Ushindani (FCC), Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nakala kwa wenye tovuti na blogu zote zinazopokea matangazo.

YAH: DAWA NA VIPODOZI VINAVYOTANGAZWA MTANDAONI BILA KIBALI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mtoa dawa. Nina duka la dawa muhimu pembezoni mwa mji wa Morogoro, lenye mlango mmoja, rafu nne na feni inayozunguka pale inapojisikia.

Serikali inanifahamu kuliko majirani zangu wanavyonifahamu. Kabla sijauza kidonge kimoja nilisoma kozi, nikafanya mtihani, nikapewa cheti, na cheti hicho kinaning'inia ukutani mahali mteja anapoweza kukisoma. Kibali cha duka nacho kipo. Kipimajoto kipo, na daftari la kuandika joto la asubuhi na la jioni lipo. Mkaguzi akija anageuza boksi kuangalia tarehe ya kuisha, anauliza risiti ya mahali nilikonunua, anapangusa rafu kwa kidole. Zipo dawa nisizoruhusiwa kuuza hata mgonjwa alie mbele yangu; kazi yangu ni kumwelekeza hospitali. Na siku nikibandika bango nje la "Hapa tunaponyesha kisukari kwa siku 21", nina hakika duka litakuwa limefungwa kabla gundi haijakauka.

Sinung'uniki. Duka la dawa si genge la nyanya, na masharti hayo yamewekwa kwa kuwa watu waliumia. Ninachotaka kujua ni kwa nini bango hilohilo, likibandikwa ndani ya simu ya mkononi, linakaa mwaka mzima bila kuguswa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni mwalimu mstaafu anayeishi Kilosa. Ana kisukari kwa miaka 11, anahudhuria kliniki, anameza vidonge vyake kwa saa kama alivyokuwa akipiga kengele ya shule. Mjukuu alimnunulia simu kubwa, naye akaanza kusoma habari humo. Jioni moja alikuwa anasoma habari ya kikokotoo cha mafao. Chini ya habari ile palikuwa na picha ya mwanamume mwenye koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni, na maneno makubwa kwamba daktari bingwa wa Dar es Salaam amegundua siri ambayo wenye maduka ya dawa hawataki uijue. Akabonyeza.

Ukurasa uliofunguka ulifanana na gazeti. Una tarehe ya siku hiyo, una jina la mwandishi, una maoni ya wasomaji: mama wa Mbeya sukari yake imeshuka kutoka 22 hadi 5, mzee wa Tanga ameacha sindano. Kona ya juu saa inahesabu kurudi nyuma, na maandishi mekundu yanasema zimebaki kopo 7 tu kwa bei ya punguzo. Shangazi aliufungua siku ya Jumanne. Mimi niliufungua wiki tano baadaye. Zilikuwa zimebaki kopo 7.

Aliandika jina na namba ya simu kwenye fomu. Haikupita nusu saa, msichana mwenye sauti ya asali akapiga, akajitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe. Akamuuliza anatumia dawa gani, shangazi akamtajia zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezungumza na nesi. Ndipo akaambiwa vidonge vya hospitali vinachosha figo, avipumzishe kwanza ili unga ufanye kazi. Kopo moja shilingi 89,000, na dozi kamili ni makopo matatu. Siku ya pili bodaboda alikuwa mlangoni, akapokea shilingi 267,000 taslimu, hakuacha risiti.

Wiki ya tatu ilianza kiu. Kisha kukojoa usiku kucha, kisha macho kuona ukungu. Kidonda kidogo cha kiatu, ambacho kwa mtu mwingine kingepona kwa wiki, kikaanza kutoa harufu. Majirani walipomfikisha hospitali sukari ilisoma 29. Alilazwa siku 16, na kidole kimoja cha mguu hakikurudi naye nyumbani.

Nilimuuliza, si kwa kumlaumu, kwa nini hakunipigia mimi niliye na duka la dawa. Akanijibu: "Mwanangu, ilikuwa kwenye gazeti."

Jibu hilo limekaa na mimi. Shangazi hakumwamini mwuza unga, kwani hakumjua. Aliiamini tovuti ya habari aliyoizoea, na tovuti ikaiuza imani yake kwa mtu mwingine kwa senti chache. Nilipomwandikia mwenye tovuti, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba matangazo yale hawayaweki wao, yanajiweka yenyewe.

Wengi wetu tulio na umri wa kutosha tunakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, dawa ya mti iliyosemwa kuponya maradhi sugu. Shilingi 500 kwa kikombe. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita, watu wakatoka Kenya, wakatoka na mbali zaidi, na wapo waliofariki wakiwa njiani kwa sababu walitolewa wodini kupelekwa mlimani. Sitaki kurudia ubishi wa wakati ule. Nakumbusha jambo moja: foleni ile ilionekana. Ilipigwa picha, wakubwa kwa wadogo walipita nayo, Wizara ikalazimika kusema neno na wataalamu wakatumwa kuchukua sampuli ya mti. Foleni ya leo haionekani. Kila mtu amepanga akiwa peke yake, kitandani, na mwanga wa simu usoni, na anayesubiri mbele yake hamjui. Na bei si shilingi 500.

Naongea na foleni hiyo kwa sababu wanaotoka huko wanapita kwangu. Wasichana huja wakiwa wamefunga ushungi hadi kwenye nyusi, wakisubiri wateja wengine waondoke ndipo wafunue uso. Walinunua krimu ya "kung'aa kwa siku 7" waliyoiona mtandaoni. Nyingine zina steroidi kali aina ya clobetasol, ambayo hospitali huandikwa kwa wiki chache kwenye kipande kidogo cha ngozi, siyo kupakwa uso mzima asubuhi na jioni kwa mwaka. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, kidonda hakifungi upesi. Wakiacha, uso unawaka moto, kwa hiyo wanarudia kupaka, na mwuzaji anawaambia hiyo ni sumu inatoka.

Nyingine zina zebaki. Zebaki ileile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anaona "inafanya kazi", lakini haikai kwenye ngozi. Inazama mwilini na kuumiza figo. Na haimdhuru mpakaji peke yake: inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye shavu la mtoto anayelala kifuani kwa mama yake. Nitoe siri moja ya dukani: kopo likikuelekeza uvue pete na hereni kabla ya kupaka, lirudishe. Zebaki hula dhahabu na fedha, na mtengenezaji anajua alichotia. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligundulika ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Mkataba ulianza kwa kuzuia vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 hata hicho kidogo kisiwepo. Tumesaini. Msichana wa Morogoro aliagiza kopo lake juzi.

Wanaume huja usiku zaidi. Wao ni kahawa, ni asali, ni unga wa mizizi, "asilia asilimia 100". Julai 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia onyo kampuni 4 zilizouza asali ya namna hiyo baada ya vipimo kukuta ndani yake sildenafil na tadalafil, dawa za nguvu za kiume ambazo kwetu na kwao zinatakiwa cheti cha daktari. Mtu mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akilamba asali hiyo, presha inaweza kuporomoka akafa. Naye hatamwambia daktari kwamba alimeza kitu, maana kwa akili yake alilamba asali. Chai za kupunguza tumbo zina historia yao pia: sibutramine, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, imekuwa ikikutwa ndani ya chai na kahawa zinazoitwa za mitishamba.

Msidhani nina ugomvi na mitishamba. Bibi yangu alitulea kwa mlonge na mwarobaini, na pale Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili inayofanya utafiti tangu 1974. Ila mwarobaini wenyewe, mti mkubwa, wenye heshima zake, umejitosheleza na maradhi arobaini. Tangazo moja nililolisoma mwezi uliopita niliyahesabu: arobaini na tatu, pamoja na kurudisha mume.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Husemwa kwamba mtandao ni mpana, kwamba watu hawa hawana anwani. Naomba tulitazame tangazo lenyewe. Kwenye blogu zetu za hapa nyumbani, chini ya habari ya ajali au ya usajili wa wachezaji, kuna aya inayoanza na "Je, unasumbuliwa na" na kuishia na namba ya simu. Namba iko kwenye tangazo! Haiwezi kukosekana, kwa kuwa bila namba hakuna biashara.

Na namba hiyo ina mwenyewe. Mwaka 2019 sote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Ilipofika 20 Januari 2020 laini za waliochelewa zilianza kuzimwa. Mama yangu alikuwa mmoja wao, akakaa siku tisa bila simu kwa sababu vidole vyake vya jembe havikusomeka kwenye mashine. Leo kila mtu anaweza kubonyeza *106# akaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" walipotuzidi, TCRA mkatupa 15040 ya kuripoti namba zao, na namba zikafungwa. Kwa hiyo njia ipo, mashine ipo, watu wapo. Anayemwibia mtu shilingi 20,000 kwa ujumbe mfupi anafungiwa laini. Anayemwambia mgonjwa aache dawa, akachukua 267,000 zake na kidole, anaendelea kutumia laini ileile kumpigia mgonjwa mwingine.

Nalo tangazo la kutoka nje, lile la fomu, lisitutishe. Ukurasa unaweza kutengenezwa Ulaya au Asia, lakini kopo halipiti hewani. Kopo liko kwenye chumba fulani hapahapa nchini. Msichana wa sauti ya asali alipiga kwa laini ya hapa. Bodaboda alilichukua kwa mtu, akampelekea mtu pesa. Ni mnyororo mfupi kuliko wa pembejeo.

Nadhani kinachokwamisha ni mgawanyo wa kazi. Hadi katikati ya 2019 tulikuwa na TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwananchi alijua chakula, dawa na vipodozi vina mlango mmoja. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaigawa: dawa na vifaa tiba vikabaki kwa TMDA, chakula na vipodozi vikaenda TBS. Ninaamini palikuwa na sababu nzuri. Lakini tazameni kopo la shangazi kwa macho hayo. Limeandikwa "kirutubisho", kwa hiyo ni chakula. Linadai kutibu kisukari, kwa hiyo ni dawa. Limechorwa majani, kwa hiyo ni tiba asili, yenye Baraza lake kwa sheria ya 2002. Limetangazwa kwa uongo, na uongo wa kibiashara uko chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake. Limepita mtandaoni, penye TCRA. Ofisi tano kwa kopo moja, na kila moja kwa haki kabisa inaweza kusema sehemu kubwa ya kopo hili ni ya mwenzangu. Mwuzaji anaujua mgawanyo huu kuliko sisi. Ndiyo maana lebo inasema kirutubisho na simu inasema dawa: maandishi yanakwenda kwa mkaguzi, sauti inakwenda kwa mgonjwa.

Niwageukie wenye tovuti, maana nao ni wenye mamlaka juu ya kurasa zao. "Yanajiweka yenyewe" ni nusu ya ukweli. Ninavyoelewa, nafasi tupu kwenye ukurasa inapigwa mnada kila mtu anapoufungua, mnada unaokwisha kabla picha haijamaliza kufunguka, na mshindi anategemea uko wapi na umekuwa ukisoma nini. Ndiyo sababu mkaguzi akifungua ukurasa uleule akiwa Dodoma anaweza kuona tangazo la benki, wakati mstaafu wa Kilosa aliyewahi kutafuta "dalili za kisukari" anaona unga. Wapo pia wanaotengeneza kurasa mbili, moja safi ya kumwonyesha anayekagua na nyingine ya kumwonyesha mteja.

Nusu ya pili ya ukweli ni hii: mwenye nafasi ana komeo. Google, kupitia huduma yake ya AdSense, inampa mwenye tovuti ukurasa wa kufunga makundi mazima ya matangazo, yakiwemo ya dawa na virutubisho na ya kupunguza uzito. Si lazima uwe mhandisi. Anayesema hajui alichotangaza amechagua kutokujua, kwa kuwa kujua kungepunguza hela ya mwisho wa mwezi. Na aya ya "Je, unasumbuliwa na" haikupita kwenye mnada wowote. Hiyo mtu aliiandika, akatumiwa pesa, akaibandika kwa mkono wake.

Wala tusitegemee kwamba makampuni makubwa yatatusafishia nyumba. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilichapisha habari ya nyaraka za ndani za Meta, wenye Facebook na Instagram, ambamo kampuni ilikadiria kuwa takriban asilimia 10 ya mapato yake ya 2024, karibu dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizokatazwa. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, mtangazaji alifungiwa pale tu mitambo ilipokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba ni tapeli. Akishukiwa chini ya hapo, alitozwa bei ya juu zaidi. Meta wakasema nyaraka hizo zilitoa picha isiyo kamili. Mimi nimeuza dukani miaka tisa, na ninajua maana ya kumwongezea bei mteja unayemshuku badala ya kumrudisha.

Ninaomba nini, basi? Siombi mitandao ifungwe. Mwaka 2025 tuliona mtandao wa X ukizimwa nchini, kwa hiyo najua swichi ipo, lakini si hiyo ninayoitaka; dawa ya kichwa kuuma si kukata shingo. Wala siombi asumbuliwe mama anayeuza ubuyu na sabuni ya mwani kwenye WhatsApp.

Naomba kwanza tovuti na blogu zenye leseni ziwajibike kwa kile kinachoonekana kwenye kurasa zao kuhusu afya. Mwaka 2018 TCRA mlipotaka wenye blogu wawe na leseni, mliwapata. Wengine walifunga blogu kwa kushindwa ada, iliyofika shilingi milioni 2 na ushee. Masharti ya leseni yanaweza kubeba sentensi moja zaidi: tangazo lolote linalodai kutibu, kukinga, kung'arisha au kupunguza mwili lionyeshe namba ya usajili wa bidhaa, na msomaji akiibonyeza impeleke kwenye orodha ya TMDA au ya TBS. Halina namba, haliwekwi. Sheria tayari inataka tangazo la dawa lipate idhini kabla ya kuwafikia watu. Sijaomba sheria mpya. Wafaransa walitunga yao Juni 2023 kuwabana hata watu mashuhuri wanaotangaza bidhaa mitandaoni, na si vibaya kuisoma, ila tusiisubiri kama kisingizio.

Pili, mlango mmoja. Namba fupi kama 15040, ambayo mtu akituma picha ya tangazo kazi yake imekwisha. Nani kati yenu ni mwenye kopo, mkagawane ndani huko.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima zote: agizeni. Afisa mmoja, simu ya kawaida, ajaze fomu, azungumze na msichana wa sauti ya asali, amwache aseme yote, kisha amsubiri bodaboda. Bodaboda atawaonyesha chumba. Kopo moja ni shilingi 89,000. Warsha ya siku moja ya kujadili changamoto za matangazo ya mtandaoni, pamoja na chai na posho, inagharimu makopo mengi sana. Matokeo ya maabara yakitoka, yatangazwe kwa Kiswahili, na picha ya kopo, redioni pia, kwa kuwa waliokwisha kulinunua hawatasoma taarifa iliyobandikwa kwenye tovuti ya ofisi kwa Kiingereza.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka shangazi alipotoka hospitali. Simu yake haikunyamaza. Safari hii wa kwanza aliuza dawa ya macho, wa pili ya miguu kufa ganzi, wa tatu ya vidonda sugu. Walimjua kwa jina na walijua ana kisukari. Jina, namba na ugonjwa vimekuwa bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na taarifa za afya ni nyeti kuliko zote, hivyo Tume inayoisimamia sheria hiyo nayo ipewe nakala ya barua hii, iwe ofisi ya sita.

Nilijaribu kufanya wajibu wangu kwa utaratibu. Tuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Niliijaza kwa kopo la shangazi, nikafika kwenye namba ya toleo: halina. Mtengenezaji: hakuna. Nchi: bendera ndogo iliyochorwa vibaya, ambayo mimi na mwalimu mstaafu wa jiografia tumeshindwa kuitambua. Kitu pekee kilichoandikwa kikasomeka vizuri ni namba ya simu ya kuagizia tena.

Shangazi amerudi kwenye vidonge vyake. Anatembea kwa fimbo, na anasoma habari kama zamani. Akifika mwisho wa habari anafunika sehemu ya chini ya kioo kwa kiganja. Makopo mawili hakuyafungua, amenikabidhi mimi. Yako kwenye droo ya chini ya meza yangu, kushoto, yamefungwa kwenye mfuko mweupe. Mkaguzi akija kupangusa rafu, nitamwonyesha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoa dawa,
Duka la Dawa Muhimu,
Morogoro.